Msafiri, Mpangaji na Mwenye Mali: Ubaguzi wa Rangi katika Biashara ya Kupangisha na Kukodisha

Shauri la ubaguzi wa rangi ambalo mteja humfungulia mfanyabiashara wa kupangisha nyumba au kukodisha vyombo halihusu, kama wengi wanavyodhani, ubaya wa moyo wa mfanyabiashara huyo, kwa kuwa mahakama haina kipimo cha mioyo wala haikuundwa kwa kazi hiyo. Shauri la namna hiyo husimama au huanguka kwa maswali mawili makavu zaidi: je, sheria ilimfunga mwenye mali asiwe na hiari ya kumkataa aliyekuja na fedha yake mkononi, na je, aliyekataliwa anaweza kuthibitisha kwamba alikataliwa kwa sababu ya rangi yake, kabila lake au mahali alikotoka, na si kwa sababu nyingine? Mhadhara huu unayachunguza maswali hayo kwa kuitazama Kagera, hususan Bukoba na Muleba pamoja na kisiwa cha Bumbire, na unatetea hoja moja ambayo huenda ikawashangaza hata baadhi ya mawakili, kwamba katika sheria ya Tanzania ilivyo leo, mtu anayetaka kulala gesti usiku mmoja au kupanda boti ya abiria kuvuka ziwa ana kinga kubwa kuliko yule anayetaka kupanga chumba kwa mwaka mzima au kukodi mtumbwi na injini kwa msimu wa uvuvi.

Ubaguzi, kwa maana inayotumika hapa, ni ule unaofafanuliwa na ibara ya 13(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara iliyoingizwa na marekebisho ya mwaka 1984 yaliyoleta sura ya haki za binadamu. Kwa muhtasari, ibara hiyo husema kwamba kumbagua mtu ni kumtimizia au kumnyima haja na haki zake kwa kutazama utaifa, kabila, pahala alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha, kwa namna inayomfanya ahesabiwe duni na kuwekewa vikwazo ambavyo wengine hawawekewi. Orodha hiyo ni pana kuliko rangi peke yake, na upana wake una maana kubwa Kagera, kwa sababu huko ugomvi wa mteja na mwenye mali mara chache huwa kati ya Mzungu na Mwafrika; mara nyingi huwa kati ya mwenyeji na mtu wa kuja, kati ya Mhaya na yule anayeitwa omunyamahanga, au, katika mialo ya wavuvi ya visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza, kati ya Wahaya, Wakerewe, Wajita, Wazinza na Wasukuma ambao wote wamefuata dagaa na sangara, na ambao wengi wao wanahitaji chumba, mtumbwi, nyavu na injini visivyo vyao.

Kiini cha ubaguzi ni kumdai mtu mmoja deni la kundi zima, na Bumbire inakijua kiini hicho kwa sura yake ya kutisha zaidi. Mwezi wa Aprili 1875 wenyeji wa kisiwa hicho walimnyang'anya msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley makasia ya mashua yake, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo alirudi na mitumbwi ya Waganda akawamiminia risasi watu waliokuwa wamesimama ufukweni, bila kutenga aliyeshika makasia na asiyeyashika. Mwenye gesti anayesema kwamba hapokei watu wa kabila fulani kwa sababu mmoja wao aliwahi kuondoka bila kulipa hafanyi ukatili wa kiwango hicho, lakini njia yake ya kufikiri ni ileile.

Swali la kwanza, la hiari ya mwenye mali, lilijibiwa mapema Afrika Mashariki, na likajibiwa vibaya. Serikali ya Koloni la Kenya ilitangaza kuuza kwa mnada hati za upangaji wa viwanja vya mji wa Mombasa kwa masharti mawili, kwamba Wazungu peke yao ndio watakaoruhusiwa kutaja bei, na kwamba nyumba itakayojengwa kiwanjani haitakaliwa na Mwasia au Mwafrika yeyote isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani wa mwenye hati. Mfanyabiashara Mhindi aliyeitwa Kaderbhai akaomba mahakama imwamuru Kamishna wa Ardhi kuendesha mnada bila masharti hayo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubaliana naye, lakini Kamishna alikata rufaa katika Baraza la Faragha la London, ambalo ndilo lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, na mwaka 1931 baraza hilo likaamua kwamba sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka 1915 haikumzuia Kamishna kuweka masharti ya rangi. Mantiki ya hukumu hiyo ndiyo inayostahili kukaziwa macho kuliko matokeo yake: serikali, ikiwa inagawa ardhi yake, ilihesabiwa kama mwenye shamba yeyote anayechagua wa kumpa na wa kumnyima. Hapakuulizwa kama Kaderbhai alidhalilishwa, bali palitafutwa kifungu kinachomfunga mgawaji, na kwa kuwa hakikuonekana, mdai akaondoka mikono mitupu.

Miaka kumi na mitatu baadaye, katika mji uleule wa London, mtu mweusi alishinda. Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, alikuwa ameweka nafasi kwa ajili yake na familia yake katika hoteli ya Imperial iliyoko Russell Square, mwezi wa Julai 1943, na alipofika akaambiwa kwamba hawezi kukaa hapo, kwa kuwa kulikuwa na wageni wa Kimarekani ambao wangechukizwa kumwona. Aliondoka akalala katika hoteli nyingine ya kampuni hiyohiyo, kisha akashtaki. Mwaka 1944 Jaji Birkett alimpa ushindi pamoja na fidia ya gini tano, kiasi kidogo cha kuonyesha tu kwamba haki imevunjwa, kwa sababu hasara ya fedha haikuthibitishwa. Uingereza wakati huo haikuwa na sheria yoyote dhidi ya ubaguzi wa rangi, na ya kwanza ilikuja mwaka 1965, nayo pia iliacha nje suala la kupangisha nyumba hadi ilipofuatwa na nyingine mwaka 1968. Kwa hiyo jaji hakuweza kusema kwamba rangi ni sababu iliyokatazwa. Alichokitegemea ni kanuni kongwe ya sheria isiyoandikwa na bunge, ile iliyojengwa na majaji wa Kiingereza kwa karne nyingi, kwamba mwenye nyumba ya wageni aliyefungua mlango wake kwa wasafiri wote hana ruhusa ya kumkataa msafiri mwenye adabu na uwezo wa kulipa, maadamu nafasi ipo, isipokuwa kwa sababu ya haki.

Kanuni hiyo inahusu Muleba kwa njia iliyo fupi kuliko inavyoonekana. Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 iliyounda serikali ya Tanganyika iliingiza nchini sheria ya Kiingereza ya majaji kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na utaratibu huo wa kupokea bado umo katika sheria za Tanzania, kwa sharti kwamba kanuni inayopokewa ilingane na mazingira ya nchi na watu wake. Hukumu ya Constantine yenyewe ni ya baadaye, kwa hiyo haimfungi jaji wa Bukoba na inaweza tu kumshawishi. Lakini wajibu wa mwenye nyumba ya wageni ni wa kale kuliko mwaka 1920 kwa karne kadhaa. Ikiwa ni hivyo, msafiri anayeshuka basi Muleba usiku, akakuta gesti yenye vyumba vitupu na akafukuzwa mlangoni kwa sababu ya sura yake, ana msingi wa kushtaki ambao hauhitaji kuigusa Katiba hata kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa msafirishaji wa umma, yaani yule anayejitangaza kubeba kila mtu na kila mzigo kwa nauli inayojulikana: mwenye boti ya abiria kati ya pwani ya Muleba na Bumbire hana hiari ya kuchagua nani apande na nani aachwe gatini, mradi boti haijajaa na nauli imelipwa.

Hapo ndipo kinga ya kanuni hiyo inapokoma. Majaji wa Kiingereza waliwafunga wenye nyumba za wageni na wasafirishaji kwa sababu msafiri hana pa kwenda, na njia zenye majambazi hazikumsubiri abishane bei. Mpangaji wa kawaida, kwa hesabu yao, angeweza kesho kutafuta nyumba nyingine. Kwa mtu wa kisiwani hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Mvuvi aliyefika mwalo wa Bumbire bila mtumbwi hana soko la kuzunguka, kwani wenye mitumbwi, injini na taa za kuvulia dagaa ni wachache na wanajuana, na akikataliwa na wawili au watatu msimu wake umekwisha. Hata hivyo, kwa kanuni hii ya kale, yeye ni mkodi anayezungumza na mwenye mali yake, na mwenye mali ana hiari.

Je, Katiba haikuiziba nafasi hiyo? Iliiziba nusu. Ibara ya 13(4) inapiga marufuku ubaguzi unaofanywa na mtu au mamlaka inayotumia madaraka iliyopewa na sheria, au inayotekeleza kazi ya mamlaka ya nchi, na maneno hayo, yakisomwa kama yalivyo, hayamgusi mwenye nyumba binafsi anayekodisha chumba cha uani. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Katika mji wa Bukoba, mpangaji wa nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo ni chombo cha umma kilichoundwa mwaka 1962, anaweza kulishtaki shirika kwa ubaguzi akiitegemea Katiba moja kwa moja, ilhali jirani yake aliyekataliwa na mwenye nyumba binafsi hana njia hiyo. Baadhi ya nyumba zinazosimamiwa na shirika hilo ziliwahi kuwa za watu binafsi, wengi wao wakiwa wenye asili ya Asia, na zilichukuliwa kwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971 iliyoyalenga majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakalia yote, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 zikaunganishwa na za shirika. Sheria ile haikutaja rangi popote. Lakini iliangukia zaidi jamii moja kwa kuwa ndiyo iliyomiliki majengo ya kupangisha mijini, na ni haki kusema kwamba hiyo ni sura ya ubaguzi usio wa moja kwa moja, yaani sharti lisilotaja kundi lakini likaliumiza kundi moja kuliko mengine, hata kama lengo lake, la kuvunja unyonyaji wa wapangaji, lilikuwa halali. Wakoloni waliitumia mbinu hiyohiyo kwa lengo baya zaidi: katika miji ya Tanganyika mitaa iligawanywa kwa aina ya ujenzi, na aina za ujenzi zikawa, kwa vitendo, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Kagera yenyewe ilikuwa na upangaji wake wa kale uliowapanga watu kwa daraja. Chini ya nyarubanja, mfumo ambao mukama, yaani mfalme wa Kihaya, alimgawia mkubwa wake eneo pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo, mkulima aliamka siku moja akiwa mpangaji kwenye kibanja alichokipanda migomba mwenyewe, akalazimika kutoa kodi na utumishi. Sheria ya Bunge ya mwaka 1965 iliufuta mfumo huo na kuwafanya watwarwa, yaani wapangaji hao, kuwa wenye vibanja vyao. Mfano huo unatajwa kwa sababu moja tu, kwamba pale Bunge lilipotaka kuingia kati ya mwenye ardhi binafsi na mpangaji wake, liliingia, na halikusubiri hukumu ya mahakama.

Mahakama nayo ilifanya lake, na kwa ujasiri, katika shauri lililoanzia Muleba. Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mpwa alishinda Kashasha, akashindwa katika Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na rufaa yake, Na. 70 ya mwaka 1989, ikasikilizwa na Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza, ambaye mwezi wa Februari 1990 aliamua kwamba kanuni hiyo ya mila, iliyokuwa imechapishwa katika Tangazo la Serikali la mwaka 1963, ilipingana na Katiba na mikataba ya kimataifa, na kwamba tangu hapo mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kuuza. Hukumu hiyo inasifiwa kwa haki, lakini wanaoisifu mara nyingi huacha sehemu yake ya mwisho: jaji aliihifadhi haki ya ukoo ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Mwanamke aliinuliwa akawa sawa na mwanamume. Mnunuzi wa kuja alibaki mtu wa kuja. Isitoshe, kilichobatilishwa kilikuwa kanuni yenye nguvu ya sheria, na ndiyo maana Katiba iliweza kuipiga moja kwa moja, jambo ambalo haliwezekani kwa urahisi pale ubaguzi unapokaa kinywani mwa mtu binafsi.

Kenya ilichagua njia nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 inasema wazi katika ibara ya 27 kwamba hata mtu binafsi hana ruhusa ya kumbagua mwenzake, na sheria yake ya uwiano wa kitaifa ya mwaka 2008 inagusa waziwazi ubaguzi katika umiliki na utoaji wa majengo. Pamoja na hayo, mwaka 2015, mgahawa wa Kichina wa Nairobi uliojulikana kwa kuwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni ulifungwa, na aliyehusika akafikishwa mahakamani kwa kosa la kuendesha biashara bila leseni inayotakiwa. Leseni ndiyo iliyokuwa mpini uliokuwa karibu na mkono wa serikali, na jambo hilo litarudiwa hapa chini. Tanzania kwa upande wake ilijiunga mwaka 1972 na Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, ambao unataja kwa majina vyombo vya usafiri, hoteli na migahawa, na unaitaka serikali ikomeshe ubaguzi unaofanywa hata na watu binafsi. Bunge limetekeleza wajibu wa namna hiyo katika ajira, kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa watu wenye ulemavu, kwa sheria ya mwaka 2010. Mteja wa kawaida bado anangoja.

Swali la pili, la ushahidi, ni gumu zaidi, kwa sababu mwenye mali hasemi kwamba amekataa kwa ajili ya rangi. Husema vyumba vimejaa, au chombo kimeshachukuliwa. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1968 ilikataza kupangisha nyumba kwa ubaguzi, walilitatua kwa kutuma watu wawili wenye mahitaji yanayofanana na rangi tofauti. Katika shauri dhidi ya kampuni ya Havens Realty, iliyokuwa na majengo ya kupangisha karibu na Richmond, Virginia, mwanamke mweusi aliambiwa mara kadhaa mwaka 1978 kwamba hakuna nyumba iliyo wazi, huku mwenzake mweupe akiambiwa kwamba zipo. Kampuni ilijitetea kuwa wote wawili hawakuwa wapangaji wa kweli. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982 kwamba sheria ilimpa kila mtu haki ya kuambiwa ukweli kuhusu nyumba iliyopo, kwa hiyo mwanamke yule, kwa kudanganywa tu, alikuwa ameshadhurika na angeweza kushtaki hata kama hakukusudia kuhamia. Mwenzake mweupe, aliyeambiwa ukweli, hakuwa na dai la namna hiyo.

Gesti za Tanzania zina shahidi ambaye Virginia hawakuwa naye. Kila mgeni huandikwa katika kitabu kikubwa cha mistari, na safu zake karibu zinafanana kila mahali: tarehe, jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya chumba, saini. Kitabu hicho, kikiletwa mahakamani, kinaonyesha vyumba vingapi vilikuwa na watu usiku uleule mteja alipoambiwa kwamba vimejaa, na nani alipokewa nusu saa baada yake. Kinaonyesha pia, kwa safu yake ya tatu, kwamba mhudumu aliuliza kabila kabla ya kutoa ufunguo, swali ambalo halina kazi yoyote katika biashara ya kulaza wageni. Baada ya Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowatafuta wahamiaji wasio na vibali katika Kagera, Kigoma na Geita, hofu ya kumhifadhi mtu asiye raia ilikuwa sababu iliyo tayari mdomoni. Nayo ina uhalali wake, kwani kumtaka kila mgeni aonyeshe kitambulisho si ubaguzi. Ubaguzi ni kumtaka kitambulisho mtu mrefu mwenye pua nyembamba na kumwacha mwenzake apite.

Mwaloni hakuna kitabu. Mtumbwi hukodishwa kwa maneno, mbele ya wavuvi wengine, na malipo mara nyingi ni mgao wa samaki badala ya fedha, kwa hiyo anayetaka kushtaki atategemea mashahidi ambao wenyewe wanamtegemea mwenye mtumbwi kwa riziki ya kesho. Ndiyo maana kumwelekeza mvuvi wa Bumbire Mahakama Kuu, ambako shauri la haki za msingi husikilizwa na majaji watatu, ni ushauri mzuri kwa karatasi na mbaya kwa mtu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila ada, nayo ni ya kujaribiwa kwanza; lakini mpini ulio karibu zaidi uko Muleba kwenyewe. Halmashauri ya wilaya ina uwezo, kwa sheria ya mwaka 1982, wa kutunga sheria ndogo, na inahusika na leseni za gesti na usajili wa vyombo vya uvuvi. Inaweza kuweka sharti kwamba mwenye leseni haruhusiwi kumkataa mteja kwa sababu yoyote iliyotajwa katika ibara ya 13, na kwamba akivunja sharti hilo leseni itasimamishwa baada ya kusikilizwa. Na kwa kuwa leseni hutolewa chini ya sheria, mtu anayeitumia kubagua atakuwa amesogea karibu zaidi na maneno ya ibara ya 13(4). Sheria ndogo hiyo inaweza kutaka ukodishaji wa mtumbwi wa msimu uandikwe kwenye daftari la kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo, pamoja na jina la kila aliyeomba. Katika kitabu cha gesti inaweza kufuta safu ya kabila, na kuweka mahali pake safu ya walioomba chumba wakakosa, na sababu waliyopewa.